Kumfunza Kijana Kazi Katika Nyumba ya Kipato Kidogo

Hapa Lamu ni kawaida kumsikia mtu mzima akisema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi kwa kuwa hawakuionja shida, na kwamba sisi tuliolala juu ya mikeka na kunywa uji usiokuwa na sukari ndio tuliojua thamani ya jasho. Kauli hiyo ina ukweli kidogo na kujisifu kwingi. Nilizaliwa mtaa wa Langoni, baba akiwa hamali gatini na mama akiuza mahamri, na watoto niliokua nao walikuwa na shida ile ile niliyokuwa nayo. Baadhi yao leo ni manahodha na mafundi wanaoaminiwa na kila mtu, na wengine hawajapata kumaliza miezi miwili katika kazi moja. Njaa yetu ilikuwa moja, lakini kila nyumba iliishi nayo kwa namna yake, na nimeshawishika kwamba humo ndimo tofauti ilimotoka.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mzazi au mlezi mwenye kipato kidogo, na kwa fundi anayepokea vijana waliotoka katika nyumba kama hizo. Nina karakana ndogo ya useremala na nimekuwa nikipokea vijana kwa miaka mingi. Nitakayoyasema nimeyajaribu, na mengine nimeyakosea kwanza kabla ya kuyapatia.

Mpe kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli

Glen Elder, mwanasosholojia wa Marekani, alichunguza kumbukumbu za maisha ya watoto 167 wa mji wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921, ambao walikuwa wakielekea ujana wakati mdororo mkubwa wa uchumi ulipozikumba familia zao katika miaka ya 1930. Wengi wa wale ambao baba zao walipoteza kipato walilazimika kushika sehemu ya mzigo: wavulana wakatafuta vibarua, wasichana wakashika kazi za nyumbani mama zao walipotoka kutafuta riziki. Aliona kwamba watoto hao walikomaa mapema na kuwa watu wa kutegemewa, na wengi hawakuanguka maishani kama ilivyohofiwa. Alipolinganisha na watoto wa mji jirani wa Berkeley waliozaliwa mwaka 1928 na 1929, ambao shida iliwakuta wangali wadogo mno kuweza kusaidia chochote, alikuta kwamba hao waliumia zaidi, hasa wavulana. Dhiki ilikuwa ya aina moja, ila watoto wa kwanza walikuwa na la kufanya na wa pili walikaa wakitazama wazazi wao wakihangaika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpa mtoto kazi ambayo ikiachwa, watu wa nyumbani wataona pengo. Kazi ya kubuniwa, ile ya kumwambia mtoto apange upya viatu vilivyokwisha kupangwa ili asikae bure, haimfunzi kitu, kwa sababu mtoto ni mwepesi wa kugundua kwamba hakuna anayeingoja. Mtoto wa miaka saba anaweza kupewa mtungi wa maji ya kunywa, ahakikishe haujakauka kabla ya Magharibi. Wa miaka kumi anaweza kupewa kuku, au kufagia baraza na kutoa taka. Aliyekaribia miaka kumi na miwili anaweza kusuka makuti baada ya masomo, kwenda sokoni na kurudi na chenji iliyotimia, au kumhudumia punda.

Kama nyumba yenu ina punda, usitafute mwalimu mwingine. Sisi hapa tunabeba mchanga, mawe na saruji kwa punda kwa sababu vichochoro vya mji havipitishi gari, na mnyama huyu hana namna ya kusamehe uzembe wa aliyekabidhiwa. Asiponyweshwa, jioni huonekana. Shogi, lile tandiko la mgongoni la kubebea mzigo, likiwekwa vibaya, au likiwekwa juu ya mgongo ambao haukupanguswa mchanga, baada ya siku mbili pana kidonda, na punda mwenye kidonda habebi, na asipobeba hakuna kilichoingia nyumbani. Mjini petu kulifunguliwa kituo cha kutibu punda mwaka 1987, na nakumbuka kijana mmoja aliyetumwa na baba yake ampeleke punda huko mwenyewe na kueleza kwa kinywa chake jinsi kidonda kilivyotokea. Hakupigwa wala hakutukanwa, lakini baada ya hapo sikumwona tena akiweka shogi kwa haraka.

Kazi moja iwe ya mtoto mmoja, kwa muda wa kutosha. Nyumba nyingi hutoa amri kwa yeyote aliye karibu, na matokeo yake ni kwamba mwenye kukaa karibu na mama ndiye afanyaye kila kitu, na mjanja hujifunza kukaa mbali. Mtoto akishajua kwamba maji ni yake, usimzungukie nyuma na kuyajaza mwenyewe kwa sababu amechelewa. Mwite, mwoneshe mtungi mtupu, kisha mngoje. Ni rahisi kuandika hivyo na ni vigumu kutenda, hasa wakati wewe mwenyewe una kiu.

Hapa pana jambo linalonikera. Katika nyumba zetu msichana huamka kabla ya alfajiri, akakanda, akafagia, akaosha vyombo na kumbeba mdogo wake, na yote hayo hayaitwi kazi. Lakini kaka yake akipeleka ujumbe gatini, hilo huitwa kazi na husifiwa mbele ya wageni. Kisha tunashangaa kwamba kijana wa kiume anapokuja karakana hajui kufagia takataka za randa mpaka aambiwe. Mvulana aoshe masufuria, na kazi ya msichana itajwe kwa jina lake na kuhesabiwa kama nyingine.

Kuhusu mipaka nitasema kwa ufupi. Kazi ya nyumbani isiingie katika saa za shule wala za chuo cha Kurani, na isimwondolee mtoto usingizi. Hapa Kenya ada katika shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, na ingawa sare, daftari na mengineyo bado hugharimu, hakuna hesabu ya mahamri au samaki inayoweza kuhalalisha mtoto kuachishwa masomo. Ama kuajiriwa na mtu wa nje, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na yule wa kati ya miaka 13 na 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na ukuaji wake wala kumkosesha masomo. Kumpeleka mtoto wa umri huo baharini usiku kucha kuvuta nyavu hakuwezi kuitwa kazi nyepesi kwa lugha yoyote.

Fungua daftari mbele yake

Katika nyumba yenye kipato kidogo, pesa huwa ni siri ya wazazi. Mtoto husikia tu "hakuna", kila siku "hakuna", naye hawezi kujua kama hakuna kwa sababu hazikuingia, au ziliingia zikatoka, au zipo na amenyimwa. Neno hilo likirudiwa kwa miaka, kijana hukua akiamini kwamba pesa huja na kuondoka kama upepo na kwamba jitihada yake haihusiani nazo. Kama kuna jambo moja ninalowasihi wazazi walifanye, basi ni hili la kuzionesha hesabu.

Mama yangu hakupita madarasa mengi, lakini alikuwa na daftari la shule lenye jalada la samawati, ambalo aliliweka juu ya kabati pamoja na kalamu iliyofungwa uzi. Unga ulikandwa usiku kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukafunikwa. Alfajiri ukasukumwa, ukakatwa na kutiwa mafutani. Mahamri yaliyoiva yaliwekwa katika beseni juu ya karatasi, yakafunikwa kitambaa cheupe, nami nikatoka nayo kupita vichochoro vya Langoni hadi gatini, ambako mahamali na mabaharia walikuwa wakinywa kahawa. Nilirudi kabla ya kengele ya shule, nikamwaga sarafu juu ya mkeka, naye akahesabu kwa sauti, akaandika.

Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, nilikula mawili njiani. Niliporudi nilisema yalianguka mtaroni. Mama alinitazama midomo, ambayo nadhani bado iling'aa mafuta, akaandika idadi niliyomtajia na hakusema neno. Asubuhi iliyofuata alihesabu mahamri kama kawaida, kisha akayatoa mawili, akayaweka katika kisahani kando, akasema: "Mwanangu, haya mawili ni yako, ni ujira wa mchuuzi. Yaliyomo katika beseni ni ya nyumba." Tangu siku hiyo katika daftari palikuwa na safu mpya iliyoandikwa "mchuuzi", na chini yake kila siku paliandikwa 2.

Nimelifikiria tendo lile mara nyingi. Kama angenipiga, ningejifunza kupangusa midomo. Kama angenisamehe kimya kimya, ningeendelea. Alichofanya ni kukiri kwamba mchukuzi wa beseni ana haki katika beseni, na kuiwekea haki hiyo kipimo, hata kula kwa halali kukawa na mahali pake katika hesabu na wizi ukakosa kisingizio. Kijana aliyelelewa hivyo hukua akijua kutenganisha kilicho chake na cha tajiri wake, na kwa mwajiri hiyo ni sifa adimu kuliko nguvu za mikono.

Jinsi ya kuandika hesabu yenyewe si jambo gumu. Chukua mfano huu, ambao kila mtu ataurekebisha kwa bei za dukani kwake. Mama ametengeneza mahamri 60 ya shilingi 10. Unga umegharimu shilingi 180, nazi mbili 80, sukari 40, mafuta 110, hamira na iliki 20, makaa 40. Jumla ni shilingi 470. Yakiuzwa yote, zinaingia 600 na kubaki 130. Sasa mwambie mtoto kwamba mawili ni yake na matatu yamerudi bila kuuzwa kwa sababu alichelewa kutoka, mahamali wakawa wamekwisha kunywa chai. Zimeingia 550, na kilichobaki ni 80. Mwache mwenyewe aone kwamba mahamri matano kati ya sitini yameondoa shilingi 50 kati ya 130. Mtoto wa darasa la tano huielewa hesabu hiyo upesi kuliko mawaidha yoyote juu ya kuamka mapema, na kesho yake utamkuta ameshavaa viatu.

Usimwoneshe faida peke yake. Mwoneshe pia siku ya hasara, siku ya mvua, siku ambayo unga uliumuka vibaya, na deni la dukani. Lakini usimtwike deni hilo. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto "tunadaiwa shilingi 900 na tutalipa 100 kila Ijumaa," na kumwambia "tunadaiwa kwa sababu yenu." Nimewapokea vijana waliosikia kauli ya pili utotoni; hufanya kazi kwa bidii ya kutisha, bila kupumzika, kisha siku moja huzima kama taa iliyokwisha mafuta.

Ahadi ndogo zitimizwe

Watu hudhani kwamba mtoto wa nyumba ndogo hana subira kwa sababu hakuzoea kupata, na kwamba akipewa leo atamaliza leo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa na Celeste Kidd na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kwa watoto 28. Kwanza kila mtoto alipewa vifaa duni vya kuchorea na kuahidiwa kwamba akingoja ataletewa vizuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu waliambiwa, samahani, havipo. Baadaye kila mmoja aliwekewa peremende moja laini na kuambiwa kwamba akivumilia dakika 15 bila kuila atapata mbili. Wale waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12, na wale waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3 hivi. Kwa maneno mengine, hao wa pili walikuwa na akili timamu: walishaona kwamba kwa watu wale, kungoja ni kupoteza.

Mzazi asiye na pesa huahidi sana, kwa sababu ahadi ndicho kitu pekee anachoweza kutoa kwa wakati ule. Baiskeli ukifaulu, viatu vipya Idi, safari ya Mombasa likizo. Naelewa huruma iliyomo, lakini kila ahadi inayoanguka inamfunza kijana kwamba mwenye busara huchukua alicho nacho mkononi na kuondoka. Fundi ambaye kijana wake anaacha kazi katikati ya kitanda kisichokwisha, kwa sababu ameitwa na kibarua cha siku moja, huenda anavuna kilichopandwa miaka kumi nyuma na watu wengine kabisa.

Basi ahidi kidogo. Ahidi andazi moja Ijumaa, na Ijumaa lipatikane. Ahidi kwamba akitunza kuku, yai la saba ni lake, na usilikope. Kama umeahidi na umeshindwa, mwambie siku ile ile, mtazame usoni, na utaje lini.

Wenzetu wa bahari wana kipimo kizuri zaidi cha kufunzia subira, nacho ni misimu. Kaskazi inapovuma, kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari ni tulivu, wageni wako Shela, kijiji cha ufuoni hapa kisiwani, na pesa hupatikana. Kusi ikishaingia, na hasa inapokaza mwezi Juni na Julai, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba na vyungu hupungua. Nyumba ya mvuvi inaweza kumwonesha mtoto kibubu kinachojazwa Kaskazi na kuvunjwa Kusi, naye akakivunja kwa mkono wake mwenyewe wakati samaki hakuna. Akishakula mchele ulionunuliwa kwa pesa alizozinyima mwenyewe miezi minne iliyopita, amelifahamu jambo ambalo watu wazima wengi wenye mishahara hawajalifahamu.

Anapokwenda kwa fundi

Umri ukifika, mpeleke mwenyewe. Usimtume peke yake na usimpeleke kwa fundi kwa sababu tu ni jirani. Tembea siku mbili tatu mbele ya karakana kadhaa, utazame mambo matatu: kama vifaa vimerudishwa mahali pake jioni, kama fundi huwarekebisha vijana kwa maneno ambayo ungependa mwanao ayarudie, na kama kuna kijana aliyeanza hapo na sasa anafanya kazi ya maana, maana wako mafundi ambao kwa miaka mitatu humfunza kijana kununua chai tu. Kisha kaeni barazani, ninyi watatu, mkubaliane kwa uwazi: atajifunza kwa muda gani, atakula wapi, saa za masomo ni zipi, ataanza kulipwa lini na kiasi gani. Wazee wetu huona haya kutaja pesa mbele ya fundi kwa kuogopa kuonekana hawana adabu, na ni kijana anayelipa gharama ya haya hiyo.

Mimi nilipelekwa Matondoni, kijiji cha waundaji wa majahazi upande wa magharibi wa kisiwa, kwa fundi ambaye hakupenda maneno. Miezi ya mwanzo sikugusa tezo, kifaa cha kuchongea mbao. Nilikusanya vipande, nilishika mwisho wa ubao, kisha nikapewa kukalafati. Unachukua nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta, unazisokota, unaziingiza baina ya ubao na ubao kwa chembeu na nyundo, kidogo kidogo, mpaka ufa ushibe. Ni kazi isiyoonekana. Ikishakwisha hupakwa juu yake, na hakuna mteja atakayekuja kusifu uzuri wake.

Jioni moja nilikuwa na haraka, palikuwa na mpira, na sehemu ya urefu wa mkono hivi, chini kabisa karibu na mkuku, niliijaza juu juu na kuifunika. Fundi alipita, akapitisha ukucha juu ya mbao, akaendelea na safari yake. Nilidhani nimepona. Siku ya kushusha chombo majini, watu wakivuta kamba na kuimba, maji yalianza kuingia polepole mahali pale pale. Fundi hakupaza sauti. Alinipa ndoo, nikashuka nikachota na kumwaga nje maji yaliyojaa ngamani, chini ya chombo, tangu adhuhuri mpaka Alasiri, peke yangu, wakati wengine wanakula pilau ya kushushia chombo. Kisha chombo kikapwelewa, tukafungua sehemu ile, akanipa chembeu mkononi mwangu tena. Nasisitiza hilo la mwisho: alinipa mimi. Angempa mwingine, ningetoka pale nikijua tu kwamba mimi ni mbaya. Kwa kunipa mimi, nilitoka nikijua kukalafati.

Fundi unayesoma maneno haya, kijana wa nyumba ndogo atakapokuharibia kitu, kumbuka anakotoka. Kwao, sahani ikivunjika hakuna nyingine, na kosa dogo lilikuwa na kishindo kikubwa. Kwa hiyo atakachofanya kwanza ni kuficha, na hilo utaliita uongo, ilhali mizizi yake ni hofu. Dawa niliyoiona inafaa ni kuweka kanuni tangu siku ya kwanza: kosa lililosemwa kabla sijaligundua halina adhabu, tutalirekebisha pamoja, kosa nililoligundua mwenyewe utalirekebisha peke yako, baada ya saa za kazi. Kisha fundi ashikilie kanuni hiyo hata siku ambayo ubao wa mbambakofi umekatwa mfupi na mwenye mlango yuko njiani. Mimi nilishindwa mara ya kwanza, nikafoka, na kwa miezi miwili hakuna aliyeniambia chochote.

Na asiache kutafuta karatasi. Kijana anayejua kazi lakini hana cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, wenye madaraja matatu, la tatu likiwa ndilo la kuanzia. Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, vijana wengi wanatazama upande ule wa bara, na ofisini hakuna anayepitisha ukucha juu ya mbao ili ajue kama umefunzwa.

Yale ambayo shida hufunza vibaya

Nimetaja hofu. Lipo na lingine, kuona kwamba kazi yoyote ni hisani. Kijana aliyekua akisikia "shukuru umepata" hawezi kuuliza ujira wake kabla ya kuanza, na akidhulumiwa hunyamaza, kisha hulipiza kwa kufanya kazi nusu nusu. Mzoeze kuuliza mapema. Unapomtuma kwa jirani kubeba mchanga, mwambie akaulize kwa heshima: "Ami, safari moja utanipa ngapi?" Akirudi, mwulize alijibiwa nini. Ni zoezi dogo, lakini kijana aliyelifanya mara ishirini utotoni hatatetemeka mbele ya meneja wa hoteli.

Halafu kuna pesa za ghafla. Katika mji wenye wageni, kijana anaweza kumsindikiza mtalii kutoka gatini hadi Shela, akapewa kwa saa moja kiasi ambacho mwanafunzi wa useremala hakipati kwa wiki. Ukimwambia kwamba pesa hiyo ni haramu au ni ya aibu hatakusikiliza, kwa kuwa anajua si kweli. Kuongoza wageni ni kazi, na wako waongozaji wenye elimu na leseni wanaoiheshimu. Rudini kwenye daftari. Aandike alichopata kila siku kwa mwezi wa Januari, aandike tena mwezi wa Juni, kisha agawanye kwa siku zote, zikiwemo zile alizokaa ukutani akingoja boti isiyoleta mtu. Wapo watakaoona kwamba bado inawafaa, na hao wakasomee kazi hiyo ipasavyo. Wengi wataona wenyewe kwamba siku moja nono ilikuwa imewaficha siku kumi kavu.

Mshahara wa kwanza

Siku ambayo kijana analeta mshahara wake wa kwanza, nyumba nzima huwa imekwisha kuutumia kichwani. Pana deni, pana dada anayehitaji sare, pana bibi anayehitaji dawa, na mama ambaye kwa miaka ishirini hakununua leso mpya. Haki zao ni za kweli. Lakini kijana anayenyang'anywa mshahara wote mara tatu mfululizo, hata kwa mapenzi, hujifunza kwamba kuongeza bidii ni kuongeza mahitaji ya wengine, naye huanza kuficha au kulegea.

Mketi naye kabla ya mwisho wa mwezi, daftari likiwa wazi. Mgawanye mafungu: la nyumbani, la akiba yake, la nauli na vifaa vya kazi, na la matumizi ambalo hataulizwa. Sitataja asilimia, kwa sababu nyumba ya watu watatu si ya watu tisa, lakini fungu la nne lisikose hata likiwa shilingi 200. Kwa nyumba yetu fungu la nyumbani nililianza na theluthi, na mama akaikubali baada ya kubishana kidogo juu ya bei ya mafuta. Kiasi cha nyumbani kikishakubaliwa, kiandikwe, na mzazi asikiongeze katikati ya mwezi isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Na mwezi ambao kimeongezwa, aandikwe kijana kuwa anaidai nyumba, na mwezi unaofuata alipwe.